Mtoto Aliyelazwa Kwenye Kifuniko Chekundu

Baba alinunua misumeno na randa kwenye mnada wa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao, na ndani ya sanduku la vyombo hivyo mlikuwa na kasha jekundu la mviringo, limejaa misumari yenye kutu. Hakuna aliyeligombania. Watu walikuja kupigania vitanda na friji na viti vya kukunja. Nani angehangaika na mkebe wa misumari? Baba mwenyewe hakujua amelinunua mpaka alipofika kwetu, kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Kisumu, akamimina ile misumari kwenye karai na kupangusa vumbi kwa kipande cha gunia. Halafu akamwita mama aje aone.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Ziwa lilikuwa limepanda likameza mashamba ya chini, na Wazungu walikuwa wanauza vitu vyao. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa sokoni peke yangu, na mama yangu alikuwa mjamzito. Lazima niseme mapema kwamba nyumbani kwetu mimba haikuwa habari njema. Baada yangu mama alizaa watoto watatu, na wote watatu tuliwazika kabla hawajasimama dede. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kuonekana majirani hawakumpongeza. Walimtazama, wakamuuliza samaki wa leo wanauzwaje, wakaenda zao. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, huyu abaki, na kila mtu kwenye ile laini ya nyumba alijua.

Sasa nilieleze kasha vizuri. Lilikuwa la Kichina, na siku hizi ukisema kitu cha Kichina watu wanafikiria beseni la plastiki. Lilikuwa jekundu lote, wekundu ambao sijauona kwenye leso wala kwenye rangi ya duka lolote. Lilikuwa pana, kuku anayetaga angelala humo bila kujikunja. Na lilichongwa kila mahali: mawimbi chini, mawingu juu, na katikati ya kifuniko nyoka mkubwa mwenye miguu minne, mwenye ndevu, macho yametoka nje. Nilitafuta mahali ambapo kisu hakikupita, sikupata. Ukichungulia ndani ya mchongo uliona kwamba wekundu ule haukupakwa juu ya mbao kama rangi ya mlango. Ulikuwa mnene kama ukoko wa ugali, na chini kabisa kulikuwa na mstari mwembamba mweusi. Baba alikuwa seremala wa mabehewa, mtu wa kujua mbao. Aligonga kwa ukucha akasema hii si mbao. Akagonga tena akasema ni mbao. Baadaye akaliweka juu ya kabati na hakulisema tena.

Kwenye kila mguu yule nyoka alikuwa na kucha nne, na mahali pa ukucha wa tano palikuwa pamekwanguliwa. Mchongaji ambaye hakuacha hata pembe moja ya wimbi bila kuishughulikia, halafu mtu mwingine akaja na kisu akakwangua kucha. Nilikuwa nikipitisha kidole pale. Palikuwa laini, na sikupapenda.

Kasha lilikuwa linalia. Saa za mchana, mabati yakishachemka na landhi zote zimenyamaza kwa joto, lilikuwa linatoa mlio mdogo pale juu: ta. Kimya. Halafu ta tena. Najua, najua, mbao ikikauka hulia, baba alisema hivyo hivyo na mimi leo nasema hivyo hivyo. Lakini mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akifuma sweta nyeupe, na kila kasha lilipolia alishika tumbo. Alisema mtoto anaruka likilia. Aliniita niweke kiganja. Likalia, na ndani ya tumbo la mama kitu kikanipiga mkononi. Nikatoa mkono, nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Sweta ilipokwisha, mama aliitia ndani ya kasha. Alisema harufu yake ni safi.

Basi akaja nyanya, mama yake baba, kutoka Kisian, kuona tumbo linaendeleaje. Nyanya alikuwa mfupi na mkali, na hakuketi mpaka amekagua nyumba. Alipoliona kasha alivua viatu. Kwetu ziwani, miaka ya mvua nyingi, chatu mkubwa hutoka majini akaja kulala kwenye shamba la mtu. Hauawi. Anaitwa mgeni, anapelekewa kuku, wanawake wanamsemesha kwa adabu, na siku akiondoka watu wanapanda mbegu wakiwa na moyo. Nyanya alikuwa amewahi kumsemesha mmoja akiwa msichana. Sasa alisimama mbele ya kabati akiwa peku, akaangalia miguu ya yule nyoka wa Kichina.

“Wamemkata vidole,” akasema. “Aliyemkata alikuwa anamwogopa.”

Akainua kifuniko akaona sweta. Hapo ndipo sauti ilipobadilika. “Nyar Kano,” akamwambia mama, yaani binti wa Kano, maana mama aliolewa kutoka upande wa Ahero na kwetu mke huitwa kwa alikotoka. “Nyar Kano, unamtandikia nani? Mtoto ambaye wenzake wamekwenda hatandikiwi. Huyo atatupwa.”

Tusielewane vibaya. Kutupwa ni desturi, na wako watu wazima wengi pande zetu waliotupwa wakiwa wachanga. Mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa hupelekwa asubuhi kwenye jaa la majivu kando ya njia. Mama yake anamlaza pale kama takataka, anaondoka, hageuki. Kisha mwanamke mwingine, ambaye mmeshapatana naye, anapita kama kwa bahati, anauliza kwa sauti ni nani ametupa kitu hiki, anamwokota, anamleta kwenye boma kumuuza. Mama anatoa bakuli la mtama, anamnunua. Kuanzia hapo si yule mtoto aliyezaliwa kufa. Ni kitu cha kuokotwa, kifo hakina habari naye.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, anashona vitambaa vya meza ya madhabahu. “Mama, nimesikia,” akamjibu nyanya. Nyumbani kwetu maneno hayo yalikuwa na maana kwamba hajakubali.

Mtoto akazaliwa hospitalini, wa kiume, mdogo, analia kwa sauti ya paka. Na hapo mama akaogopa. Nilimwona akiogopa, kwa macho yangu. Alikuwa akiamka kumwekea kioo cha mkononi puani aone kama kinaingia ukungu. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu akamwambia baba twende Kisian.

Lakini alikuwa mama yangu, na kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliweza. Nyanya alimwandalia ungo mbovu uliotoboka katikati. Mama akauchukua, akasema asante, akauficha nyuma ya ghala. Alfajiri alipotoka na mtoto mgongoni, mkononi alibeba kifuniko cha kasha ndani ya gunia. Mimi alinichukua ili nijifiche nyuma ya mkonge nifukuze mbwa. Njiani aliniambia mwanawe hatalala kwenye uchafu, hata kwa muda wa kukohoa. Akiwekwa, atawekwa kwenye kitu kisafi. Aliniambia pia nisiseme neno lolote mpaka mtoto afike bomani, maana mtu wa nyumbani akisema, yote yanaharibika.

Jaa lenyewe lilikuwa pale njia inapogawanyika, mkono mmoja kwenda kwa majirani juu, mwingine kushuka ziwani. Kule chini hakukuwa na watu tena. Maji yalikuwa yamefunika boma baada ya boma. Uliona vilele vya miti na kipande cha paa la nyasi, na ukungu juu yake. Mama aligeuza kifuniko, akakilaza juu ya majivu, mgongo wa nyoka chini, akatandika leso, akamweka mtoto. Akaondoka. Hakugeuka. Akapotea nyuma ya ua.

Nikabaki nikitazama ule wekundu juu ya majivu. Nilikuwa ninamngoja jirani wetu, mwanamke mnene ambaye watoto wake wote walikuwa hai, na alikuwa aje kutoka juu.

Mwanamke akaja kutoka chini.

Alikuwa amelowa kuanzia kifuani. Hakuwa kijana wala mzee. Alivaa nguo kama zetu, hakuwa na lolote la kushangaza, ila maji yalikuwa yanamtoka kwenye pindo na kuacha mchirizi njiani. Hakumshika mtoto kwanza. Alichuchumaa akapitisha vidole chini ya ukingo wa kifuniko, kwenye michongo, taratibu, akizunguka pande zote, kama mtu anayetafuta alama yake kwenye chungu. Alipomaliza akamwinua mtoto akamweka kifuani. Mtoto ambaye alikuwa analia tangu tutoke nyumbani akanyamaza.

“Nani ametupa kitu hiki?” akasema, kwa lugha yetu. Maneno yale yale.

Watu wameniuliza maisha yangu yote kwa nini sikupiga kelele. Niliambiwa nisiseme, nikanyamaza. Wangekuwa wao wangefanya nini? Yule mwanamke akaja moja kwa moja hadi kwenye mkonge, akaniona vizuri kabisa, akanikabidhi mtoto juu ya miiba. Akasema, “Mwambie aliyenipa, nitarudi.” Akarudi jaani, akachukua kifuniko na leso, akashuka njia ya ziwani bila haraka. Nilimtazama mpaka ukungu ukamfunika. Sikusikia maji.

Sweta ya mtoto ilikuwa imelowa upande mmoja, pale alipomkumbatia. Jirani alifika muda mfupi baadaye akihema, ng'ombe wake alikuwa anazaa, akakuta majivu matupu yenye alama ya duara.

Nyanya aliniuliza maswali mpaka nikalia. Alipofika kwenye kifuniko akamgeukia mama. Nilidhani atampiga. Hakupaza sauti hata kidogo.

“Ulimtupa mtoto,” akauliza, “au ulimtoa?”

Mama akaangalia bakuli la mtama.

“Kitu cha kutupwa kinalala kwenye ungo mbovu. Kinachowekwa juu ya kitu kama kile kando ya maji, hicho kimepewa mtu. Naye amekichukua, na amekuachia ulee. Hukumnunua. Mtama wako huu hapa, umejaa.”

Baba alisema upuuzi. Alisema watu waliofurikiwa wanashuka kila siku kutafuta milango na nguzo za nyumba zao, yule ni mmoja wao, ameona kitu kizuri akakichukua. Huenda ni hivyo. Alizunguka soko la Kisian wiki nzima akiuliza, akaenda hadi kwa watu waliohamia kwenye shule. Hakuna aliyemfahamu mwanamke huyo.

Kwa hiyo nyanya akatoa sheria. Mpaka yule mwanamke arudi na apokee mtama mkononi, huyu si wako. Mlee. Mnyonyeshe. Lakini usimwite mwanangu, maana mwenye mtoto atasikia mtu anadai kisicho chake.

Mama, yule wa vitambaa vya madhabahu, alishika sheria ile kuliko Amri Kumi. Ungefanya nini? Mtoto alikuwa anaishi. Alipita umri wa yule wa kwanza kufa, akapita wa pili, akasimama dede, na kila alipopita mahali, mama aliogopa zaidi kuivunja sheria ile. Alimwita mgeni. “Mpe mgeni uji.” “Mgeni ameoga?” Alikuwa akimnyonyesha ameangalia ukutani. Usiku nilisikia akienda kumsikiliza anavyopumua, lakini mchana mtoto akianguka akajikwaruza goti, mama alisimama pale pale, mikono nyuma, akaniambia mimi nimwinue. Nilimchukia mama kwa hilo. Nilikuja kuelewa baadaye, lakini wakati ule nilimchukia, na ndugu yangu alikuwa ananing'ang'ania mimi shingoni huku akimtazama yeye.

Sehemu ya chini ya kasha ilibaki juu ya kabati, ikiwa wazi. Haikulia tena, hata kwenye kiangazi. Mwalimu mmoja Mzungu alikuja kuagiza rafu za vitabu kwa baba, akaiona, akaomba kuishika, na mikono yake ikawa na adabu ghafla. Ndiye aliyetuambia. Alisema ule wekundu ni utomvu wa mti, umechanganywa na jiwe jekundu lililosagwa, unapakwa tabaka nyembamba, unaachwa ukauke mahali penye unyevu, unapakwa tena, mwaka mzima na zaidi, mpaka unene utoshe kuchonga. Mafundi walizeekea kazi hiyo kwenye karakana za mfalme wa China. Baba akamuuliza kuhusu kucha. Mwalimu akasema nyoka wa kucha tano ni wa mfalme peke yake. Kitu chake kikitoka kwenye jumba, wakati mwingine walikwangua ukucha mmoja ili mtu mwingine aweze kukaa nacho bila kuuawa.

“Na mfalme akikiona tena?” mama akauliza kutoka mlangoni. Hakuwa na tabia ya kuingilia mazungumzo ya wageni.

Mwalimu akacheka kidogo. Akasema hajui, labda angekijua tu kwa kazi yenyewe. Halafu akauliza kifuniko kiko wapi. Baba akasema kimepotea. Mwalimu alisikitika kweli, mpaka nikamwonea huruma. Alitaka kununua kilichobaki, mama akakataa. Alisema kina mwenyewe.

Ndugu yangu alipokaribia kwenda shule alishikwa na surua. Nyanya alikuwa amekwisha kufariki, na hapakuwa na wa kumuuliza. Siku ya tatu mtoto hakujua tuko wapi. Mama alishusha lile kasha, akalijaza mtama, tukamwacha mtoto na baba, tukapanda basi hadi Kisian, akaingia ziwani na nguo zake mpaka kifuani. Nilisimama ukingoni. Ilikuwa mchana mweupe, upepo unavuma kutoka ziwani kuja kwetu, leso yangu inapepea nyuma. Akaliweka kasha juu ya maji na kuliachia. Nilijua litarudishwa na upepo limgonge tumboni. Halikurudi. Lilielekea ndani, dhidi ya mawimbi, jekundu, dogo, dogo zaidi, mpaka sikuweza kusema kama bado naliona.

Mama akatoka majini. Nguo zilikuwa zinamwaga maji kwenye mchanga, na nilipomwona akipanda ule ukingo hivyo, nilirudi nyuma bila kukusudia. Aliniona nikirudi nyuma.

Nyumbani tulikuta mtoto ameketi anaomba chai. Mimi nilisema basi, yamekwisha, amepokea. Mama akasema hakuna aliyeona mkono wake ukipokea. Alipaswa apokee mkononi. Nyanya angejua, lakini nyanya hayupo. Ilikuwa heri aendelee kuwa mgeni na awe hai. Nilimwambia anamuua kwa njia nyingine. Ndiyo mara pekee mama alinipiga kofi nikiwa msichana mkubwa.

Miaka ikaenda. Ndugu yangu akawa mvulana mpole kupita kiasi, wa kuomba ruhusa kufungua sufuria nyumbani kwao. Alimwita mama “Mama” kama walivyomwita watoto wote wa landhi. Hakuwahi kuuliza. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kazi na nimepanga chumba Migosi, na Jumamosi alikuja kwangu, akaosha hata vyombo visivyo vichafu.

Halafu tumbo la mama likaanza kuvimba, na halikuwa mimba. Madaktari walimtoa maji, likavimba tena. Baba aliitwa kando kwenye korido, akarudi akiwa mtu mfupi. Mama hakuhitaji kuambiwa. Alasiri moja, mimi peke yangu nimekaa kitandani kwake, aliniuliza kama yule mwanamke alikuwa na sura mbaya. Nikamwambia hapana. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka.

“Basi tutaongea,” akasema. “Mimi ndiye ninayekwenda huko. Nikimkuta nitamlipa mwenyewe, na akikasirika atakasirikia mimi. Yeye atakuwa mbali.” Akapumzika. “Mwite.”

Ndugu yangu alikuwa nje kwenye benchi, na sare ya shule, magoti yamebanwa pamoja. Nilimleta. Alisimama miguuni pa kitanda, mahali ambapo wageni husimama, akasema shikamoo. Mama alimtazama kwa muda mrefu, usoni, bila kukwepesha macho. Sikuwahi kumwona akimtazama hivyo. Akatoa mkono chini ya blanketi akaunyoosha.

“Mwanangu,” akasema, “njoo.”

Ndugu yangu akageuka nyuma, kuona ni nani aliyeingia.